Mnazi wa Kumi na Nne

Sogeeni, sogeeni hapa mkekani. Wewe uliye mlangoni ingia ndani, usikae nusu nje nusu ndani kama kuku asiyejua bandani kwao. Na mwenye neno aliweke chini ya ulimi, halitaoza. Kimya sasa. Kuwataja waja wema ni namna ya dua, na dua haipigiwi kelele.

Wamepokea wazee wetu kwa wazee wao, nao wakatupokeza sisi kama walivyopokezwa, kwamba palikuwa na mji ukiitwa Kitangani, na katika mji huo aliishi mcha Mungu mmoja, jina lake Mwenye Shekue, Mola amrehemu. Hakuwa tajiri wala hakuwa fukara. Alikuwa na nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu, na shamba la minazi nyuma ya mji, na mke mmoja, Mwana Hidaya, aliyeishi naye mpaka nyuso zao zikafanana. Walijaaliwa watoto wawili: Bwanaadi, aliyekuwa mtu mzima mwenye watoto wake, na binti aliyeitwa Mwanashee, aliyeolewa mtaa wa pili. Na ndani ya nyumba hiyo alikuwamo wa tatu, ambaye hakuwa wa damu yao. Huyo ni Sauda, yatima. Babake, Madi Mshoto, alikuwa rafiki wa Mwenye Shekue wa kula sinia moja. Alipokufa, mtoto alikuwa bado anatambaa, na mamake alikwisha kufa katika uzazi.

Mwenye Shekue alikuwa na ada moja ambayo mji mzima uliijua. Kila mwaka, ukiingia mwezi wa Shaabani, alilifungua kasha lake la msaji, akaitoa sanda yake, akaianika uani. Alikwisha kuinunua zamani, kwa jasho lake, pamoja na karafuu maiti na udi na sabuni ya kuoshewa. Aliianika jua likaila, akaikunja, akairudisha. Watu wakipita wakiiona kwenye kamba walikuwa wakisema, huyo ndiye aliyejiandaa. Naye akisikia moyo wake ulitulia. Alijiona msafiri aliyekwisha kufunga mzigo, anayengoja kuitwa tu.

Basi mwaka mmoja, katika mwezi huo huo, Mwana Hidaya alikuwa ameketi uani akichambua mchele. Akamwona mumewe anaikunja sanda. Anaikunja, haikai. Anaishika pembe, anaitafuta ya pili, mkono unapapasa hewani. Kisha akalirudia kasha, na ufunguo ukawa unagonga mbao, unagonga mbao, tundu halionekani. Mwana Hidaya akauweka ungo chini. Wake waliokaa na waume zao miaka arubaini hawaulizi wanachokiona. Akamshika mkono akautia ufunguo mahali pake, akamwambia taratibu, "Tangu lini, baba Bwanaadi?"

Mzee akasema ni tangu mvua za mwaka jana. Kwamba alianza kuona ukungu, akadhani ni ukungu. Kwamba sasa anaijua njia ya msikitini kwa miguu, na sura za watu kwa sauti.

Mwana Hidaya hakulia. Akaketi kando yake juu ya kasha, akamwambia neno ambalo mpaka leo wanawake wa upande wetu hulitumia. Alisema, "Mume wangu, nguo ya kuvaa siku moja umeianika miaka ishirini. Sisi tutakaobaki siku zote, umetuanikia nini?"

Neno hilo lilimwingia Mwenye Shekue mahali ambapo hapakuwa pameguswa. Kwani alikumbuka kitu.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo fundo la kisa.

Shamba lile halikuwa lake lote. Ardhi ilikuwa yake, lakini mnazi na ardhi si kitu kimoja, mnajua wenyewe. Mtu huweza kuwa na mnazi kwenye kiwanja cha mwenziwe, akaukwea, akala nazi, akarithisha wanawe. Mwenye Shekue na Madi walilipanda lile shamba pamoja katika ujana wao, mstari kwa mstari. Na kwa mapenzi yao waliwekeana sharti: mche wa mmoja ukifa, pengo hulijaza mwingine. Ndiyo sababu minazi ya Madi haikuwa upande mmoja. Ilitapakaa, mmoja huku, miwili kule, ndani ya minazi sitini na mitano. Madi alipokuwa anakata roho alimwambia, mbele ya mashahidi wawili, "Kumi na nne ni ya Sauda. Unaijua." Mwenye Shekue akajibu, "Naijua." Na kweli aliijua. Aliijua kama mtu anavyojua meno yake.

Sasa mashahidi wale wote wawili walikuwa chini ya mchanga. Mavuno ya ile kumi na nne alikuwa akimlisha na kumvika Sauda, bila kumdhulumu hata kumbi la nazi. Lakini msichana alikwisha kupevuka, akili imemtulia, anasuka mikeka ya kuuza, na mzee alikuwa hajamwonyesha mali yake. Alikuwa akisema nitamwonyesha msimu wa mvua ukipita. Nitamwonyesha baada ya vuli. Kesho ya mcha Mungu, wanangu, ni kesho vilevile, haiji upesi kwa sababu ana tasbihi mkononi. Na Sauda hakuwa mrithi wake. Mtoto wa kulea, hata umpende vipi, kitabu hakimpi fungu. Kama Mwenye Shekue angekufa wiki ile, minazi ya yatima ingegawiwa pamoja na yake, kwa haki machoni pa watu, na kwa dhuluma mbele ya Mungu, wala pasingekuwa na kiumbe wa kusema sivyo.

Asubuhi yake akamwita Bwanaadi. Akamweleza habari ya macho yake, na kwamba anataka kuandika wasia, na kabla ya wasia anataka kuitoa amana, kwani mali ya maiti haigawiwi mpaka deni na amana zitoke.

Bwanaadi alikuwa mtu mwema, msimwone vingine. Alisali safu ya mbele na mkewe hakujua kulala na njaa. Lakini neno wasia lilimkera, akasema baba, huo ni uchuro, mtu haandiki kifo chake akiwa mzima. Mzee akacheka. Akamwuliza mbona sanda imetundikwa kambani tangu yeye hajaota ndevu na hakuna aliyeiita uchuro. Bwanaadi akaliacha hilo. Akauliza jingine: sasa atajuaje ipi ni ipi, naye haoni?

"Kwa mkono," akasema mzee. "Madi alikuwa mshoto. Nilikuwa nikimtania kwamba hata malaika wake wameketi kinyume. Alipokata vidato vya kukwelea, kidato cha kwanza alikikata upande wa kushoto, kwa sababu alianza na mguu wa kushoto. Changu mimi huanza kulia. Na mnazi haufungi jeraha lake. Wewe nipitishe tu, shina kwa shina. Mimi nitapapasa."

Wakatoka. Mzee ameweka mkono wake wa kulia juu ya bega la mwanawe, na Bwanaadi anamwongoza. Walianza na mstari wa kaskazini. Kila wakifika kwenye shina, Mwenye Shekue alipiga goti, akapapasa usawa wa paja, akasema, "Wangu," wakapita. "Wangu," wakapita. Halafu akagusa mwingine, akatulia, uso ukamchanua. "Huyu hapa Madi," akasema. Bwanaadi akafunga utepe wa ukili kwenye shina hilo kuwa alama. Kila alipokuta kidato cha kushoto mzee alikuwa na lake la kukumbuka: hapa Madi alianguka akavunjika jino, hapa walikula embe mbichi na chumvi wakaumwa matumbo. Kazi ya siku moja ikawa kama ziara.

Walipofika kumi na tatu, Bwanaadi alianza kuingiwa na wasiwasi, kwa sababu alikuwa ametazama mbele na kuuona mnazi wa kisimani.

Mnazi huo ulikuwa bora kuliko yote. Mizizi yake ilikunywa katika kisima, na dafu lake moja lilishinda mawili ya mwingine. Lakini si hilo lililomuuma Bwanaadi. Miaka saba nyuma, mkewe alipojifungua mtoto wa kwanza, binti aitwaye Mize, kitovu cha mtoto kilipoanguka walikizika hapo, chini ya mnazi huo. Mnajua desturi yetu. Mtoto akizikiwa kitovu, mti huo ni wake. Huambiwa huu ndio wewe, nao wakirefuka pamoja watu hufurahi. Mize mwenyewe aliusalimia kila akienda kuteka maji. Bwanaadi alikizika kitovu cha mwanawe akidhani ni mti wa babake. Hakuuliza. Nani huuliza, kwenye shamba la kwao? Sasa, kutoka pale aliposimama, alikiona kidato cha kwanza, cheusi, kimezeeka. Kilikuwa kushoto.

Pale pale moyo wake ukaanza kusema naye. Ukamwambia, Sauda ana kumi na tatu na hajui hata mmoja. Kumi na tatu kwake ni neema. Ukamwambia, Mize ana mmoja tu. Ukamwambia, hukuiba, hukusema uongo, unazunguka tu. Na miguu, maskini, husikiliza moyo kuliko kitabu. Bwanaadi akaiacha njia ya mstari, akampitisha babake nyuma ya kisima, juu ya majani laini, mpaka wakatokea mstari wa mwisho.

Mwenye Shekue alifuata. Alipapasa minazi iliyobaki, akasema wangu, wangu, wangu. Mwisho akasimama akakung'uta magoti.

"Tumekwisha, mwanangu?"

"Tumekwisha, baba."

"Ni mingapi?"

"Kumi na tatu."

Mzee akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi kwa hali zote. Kisha akasema kwamba Madi alimwachia kumi na nne, na mmoja haukuonekana. Bwanaadi akasema labda ulianguka zamani. Mzee akajibu kwamba mnazi ukianguka huacha shimo, na miguu yake inayajua mashimo yote ya shamba hilo. Akaweka mkono begani, wakarudi nyumbani, na njiani wakazungumza habari za bei ya ukili.

Alasiri yake alikuja Maalim Kassimu, aliyekuwa akiandikia watu nyaraka za ndoa na za mirathi. Akajifungia chumbani na mzee pamoja na majirani wawili kwa muda. Bwanaadi alikuwa barazani, hakuitwa. Walipotoka, mzee alisema, "Karatasi imeandikwa, lakini haijafungwa. Kuna kitu ninakingoja." Ikawa hivyo.

Siku ya kwanza ikapita. Bwanaadi alimwongoza babake kwenda msikitini na kurudi, sala tano. Siku ya pili Mwenye Shekue akashikwa na homa, akawa anatetemeka chini ya shuka mbili. Mwanashee akaja kukaa na mamake, na Sauda akawa anamkanda miguu kwa mafuta ya nazi, hajui kwamba nazi zile zilitoka kwenye mti wake mwenyewe. Mwana Hidaya akamsihi mumewe aifunge karatasi, maana homa haina mkataba. Akamwambia, kama mnazi umepotea si utoe mmoja wako uufidie? Mzee akasema fidia atatoa ikibidi, lakini fidia haitaleta anachokingoja. Akageukia ukuta. Bwanaadi alisikia yote, kwa kuwa alikuwa mlangoni na gudulia la maji. Tangu saa ile kila alichokitia kinywani kilikuwa majivu.

Mkewe aliiona hali yake, akamwuliza. Akamweleza. Mkewe akasema neno la mama: kwamba kitovu cha mwanawe kiko pale, na mti ukiwa wa watu, mtoto atakuwa amezikwa kwa watu. Hakumwambia fanya, wala hakumwambia usifanye. Ikawa mzigo umeongezeka, haukupungua.

Siku ya tatu homa ikatulia, mzee akataka kwenda kusali jamaa msikitini. Akaweka mkono begani mwa Bwanaadi, mwepesi sasa kama unyoya, wakashika njia. Palikuwa na mtu anajenga karibu na msikiti, amechimba shimo la kulowekea chokaa katikati ya njia, na pembeni pamebaki nafasi ya miguu miwili tu. Chokaa ilikuwa ikichemka mle ndani, mtu akitumbukia ni hasara. Bwanaadi akasimama. Akasema, baba, pana shimo kuliani, shikilia kushoto, hatua nne nyembamba.

Mzee hakuuliza shimo la nini. Hakunyosha fimbo kupima. Fimbo alikuwa ameiegemeza begani, kama mtu asiyekuwa na haja nayo. Akainua mguu akauweka pale alipoambiwa, na wa pili akauweka pale alipoambiwa, na huku anaendelea kusoma uradi wake bila kukosa herufi. Hatua nne. Kisha akauliza kama wamefika.

Wanangu, Bwanaadi hakufika. Alibaki pale ng'ambo ya shimo. Aliyaona yote kwa mara moja: mtu huyu anaweka uhai wake juu ya neno langu bila kupima, na neno langu nimelizungusha nyuma ya kisima. Akamwambia, "Baba, msikitini tutarudi. Nina mahali pa kukupeleka kwanza."

Mzee akasema, "Nipeleke."

Wakashika njia ya shamba. Bwanaadi alipita njia ya mstari, hakuiacha, mpaka wakafika kisimani. Akaushika mkono wa babake kwa mikono yake miwili, akauweka juu ya kidato cha kwanza, upande wa kushoto. Akasema kwa sauti ya chini, "Huu ndio wa kumi na nne. Niliuona siku ile. Nilikuzungusha." Akaeleza habari ya kitovu, akaeleza habari ya Mize, hakujitetea hata kwa neno moja. Alipomaliza akangoja kulaaniwa.

Mwenye Shekue alikuwa anakipapasa kidato polepole kwa kidole gumba. Akasema, "Nilijua tulipopita. Nilisikia chura wa kisimani kuliani, naye siku zote huwa kushotoni. Nami nikasema moyoni, Bwanaadi amepotea njia. Si nilimwambia mamako nangoja kitu?"

"Mbona hukusema, baba?"

"Ningesema, ningeupata mnazi nikakukosa wewe. Mnazi ni wa Sauda na umeandikwa. Maalim aliuandika wa kwanza siku ile ile, mbele ya watu wawili. Mnazi wa kisimani hauhitaji kupapaswa, una jina. Haki ya yatima sikuiweka rehani kwa kungoja. Lakini katika wasia wangu kuna mahali nimeacha wazi pa kuandika jina la mtu atakayesimamia mirathi, akatoe amana, akagawe, asimdhulumu mamake wala dadake. Hapo ndipo palipokuwa hapajafungwa. Nilikuwa nangoja mtu wa kuandika."

Bwanaadi akainama akamwaga machozi juu ya miguu ya babake, na mzee akamwinua kwa sikio, kama alivyokuwa akimwinua utotoni, akamwambia wataikosa rakaa.

Jioni ile, jua lingali juu, waliketi wote uani: Mwana Hidaya, Mwanashee, Bwanaadi na mkewe na Mize, Sauda, na Maalim Kassimu na karatasi yake. Mwenye Shekue hakutaka watu wasomewe siri akishakufa. Alitaka wasikie naye yupo, mwenye neno aseme naye ajibu. Amana ikasomwa kwanza. Sauda akaambiwa kwamba ana minazi kumi na minne. Msichana akaguna, akasema jamani mimi nilidhani nina sindano ya kusukia tu. Watu wakacheka.

Kisha Bwanaadi akasimama mwenyewe, hakulazimishwa, akamweleza Sauda habari ya mnazi wa kisimani na alichokifanya. Akaomba radhi mbele ya mtoto wake. Na akasema kitovu cha Mize atakihamisha.

Sauda akainuka. Akasema anataka kuuona mnazi huo. Wakaenda naye. Pale kisimani akapiga goti kama alivyofanya mzee, akatia mkono katika kidato, kisha akatia mguu wake wa kushoto, na mguu ukakaa. Akakikwea cha pili, na cha tatu. Msichana huyu hakuikumbuka sura ya babake, wala hakuwa na nguo yake, wala sauti yake. Leo anapanda ngazi aliyoikata yeye, hatua kwa hatua alipokanyaga yeye. Alikaa pale juu kidogo, ameukumbatia mnazi. Aliposhuka alimshika Mize mkono.

"Kaka Bwanaadi," akasema, "kitovu hakizikwi mara mbili. Mti ni wa baba yangu, na mtoto ni wa kwetu. Na akae."

Wakarudi kumalizia karatasi. Mzee akawauliza wanawe kama wanaridhia mama yao akae katika nyumba ile mpaka siku yake, hata kama fungu lake kwa kitabu ni dogo kuliko nyumba. Wakaridhia, na ridhaa ikaandikwa. Sauda, kwa kuwa si mrithi, akausiwa chumba cha uani, ndani ya theluthi ambayo mtu huruhusiwa kumwachia asiye mrithi, asije akawa na minazi na hana pa kulaza ubavu. Na penye ile nafasi iliyoachwa wazi, Maalim akaandika Bwanaadi bin Shekue. Karatasi ikakunjwa, ikawekwa kashani, juu ya sanda.

Mwenye Shekue hakufa mwaka huo, wala wa pili. Aliishi miaka tisa mingine, haoni, anaongozwa, na wanasema hakuna aliyekuwa na uso mkunjufu mjini kama yeye. Kila Shaabani sanda ilianikwa, na karatasi ikatolewa pamoja nayo ikasomwa upya, akabadili palipobadilika. Watu wa Kitangani wakaiga. Zamani walisema, wasia humwita Izraili. Wakaja kuona kwamba Izraili haitwi wala hacheleweshwi, na kwamba aliyeandika hulala usingizi mzuri kuliko asiyeandika.

Basi nanyi, msijione mmefunga mzigo kwa sababu mmenunua sanda. Sanda ni yako peke yako. Aliyekuamini akakuachia chake, mwonyeshe kingali mkononi mwako na macho yako yangali yanaona. Na mwanao akipotea njia, mpe nafasi ya kurudi kwa miguu yake.

Alipofariki, Mungu amrehemu, ilitolewa amana, kisha wasia, kisha ndipo pakagawiwa. Sauda alipata minazi yake kumi na minne, ambayo haikuwa urithi kutoka kwa Mwenye Shekue bali haki yake, na chumba cha uani. Mwana Hidaya alipata thumni yake, fungu moja katika manane, akakaa nyumbani mwake mpaka alipomfuata mumewe. Mwanashee alipata fungu moja na Bwanaadi mafungu mawili, kama kitabu kilivyosema, na bega moja lililoinama, ambalo mpaka uzee wake alitembea nalo hivyo, kana kwamba mkono ungali juu yake. Kasha la msaji alilichukua Sauda kwa ridhaa yao wote. Naye aliolewa, akazaa, na alipofikia umri wa kuandika karatasi yake, kumi na mitatu aliwaachia wanawe wairithi. Mmoja aliutoa katika theluthi yake akauandika kwa jina, kwa mtu asiye mrithi wake. Huo ndio mnazi wa kisimani, ukawa wa Mize binti Bwanaadi, kwa halali, mchana kweupe, mbele ya mashahidi wawili.